Babu si msemaji

Buyenzi, Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwako mwanangu Orlane,

Asalaam aleikum. Kama salamu hiyo haitumiki nyumbani kwenu, pokea amani tu, ni yale yale.

Mimi ni Mwanasiti, mama yake Twahiru, bibi yake Afrah wa miezi minne na nusu. Jumatano iliyopita, siku chache kabla ya Iddi, nilimleta mjukuu wangu kwenye chumba chenu cha utafiti huko Kamenge. Utanikumbuka. Ndimi niliyekataa kuvaa vile vidude vya masikioni mpaka mkanitafutia kaswida badala ya muziki wenu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu faili lenu ni la karatasi na nataka maneno yangu yakae humo. Simu ninayo, lakini maneno ya simu hayana pa kukaa. Hyacinthe, dereva wenu, ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Afrah alikaa mapajani mwangu, taa ikawaka kushoto, kikatoka Kiswahili. Ikawaka kulia, kikatoka Kirundi. Mlikuwa mnapima macho yake yanachukua muda gani kugeukia sauti. Masikio yangu yalikuwa yamezibwa kwa kaswida lakini macho hayakuzibwa, na yule msaidizi wako, Chance, alikuwa amegeuza kioo cha kompyuta yake upande wangu. Kwenye kioo hicho watoto waliotangulia walionekana wamegeukia Kiswahili upesi. Afrah alikawia. Nilipovua vidude nikamsikia Chance akisema, "Huyu iko nachelewa kidogo."

Nilikosea kulisema hilo mezani usiku ule. Mkwe wangu Saliha, mama wa mtoto, aliacha kula. Kesho yake akamweleza mama yake, Radhia, anayekaa Kanyosha. Radhia ana mpwa aliyekuja kugundulika hasikii akiwa na miaka mitatu, kwa hiyo kwake yeye hadithi imeisha. Anataka Afrah ahamie Kanyosha, kwenye nyumba yenye watoto sita, achangamshwe. Anasema kwangu mtoto anakaa na wazee wawili na kuku.

Saliha anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni kule Zone Industrielle, anatoka alfajiri anarudi magharibi. Mwanangu Twahiru yuko kwenye duka la vipuri siku nzima. Mtoto huyu nimemlea mimi tangu akiwa na siku arobaini na sita. Nakuomba unipimie tena, au uniandikie karatasi yenye muhuri kwamba hana kasoro. Sitaki kumtoa.

Ni mimi,
Mwanasiti


Kamenge, Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwako Mama Twahiru,

Barua yako nimeipata na nimeiweka kwenye faili kama ulivyotaka. Kiswahili cha kuandika nilijifunza kwa marehemu shangazi, kwa hiyo univumilie.

Chance amekosea na nimemwambia. Kwetu hakuna kufaulu wala kufeli. Afrah anasikia. Muuguzi alimpima masikio yote mawili kabla hamjaingia, na karatasi yake naiambatisha hapa, muhuri upo. Mwonyeshe mama yake Saliha.

Kuhusu kukawia, nitakueleza tunachokijua, kwa sababu umeuliza kwa uwazi. Mtoto huanza kusikia mdundo wa lugha ya mama yake akiwa bado tumboni. Hajui maneno, lakini anajua mwendo wake, mahali sauti inapopanda na inapokatika. Mtoto wa lugha moja, akifika umri wa Afrah, akiisikia lugha yake anageuka haraka, kama mtu aliyeitwa. Mtoto wa lugha mbili naye anazitofautisha, ila anatulia kwanza kabla ya kugeuka. Si uzito wa akili. Wengine wanadhani anasikiliza ajue ni ipi kati ya zake. Kwa kweli sababu hatuijui vizuri bado.

Afrah ameandikishwa kwenye kundi la lugha moja. Mjini hapa kupata mtoto wa kundi hilo ni kazi ngumu, na fomu yenu Twahiru na Saliha waliijaza wakasema nyumbani ni Kiswahili tu. Sisemi wamedanganya. Nauliza tu kama kuna mtu mwingine anayezungumza naye. Nakutumia daftari. Lina safu tatu: saa, nani yuko na mtoto, anamsemesha lugha gani. Jaza kwa wiki mbili, hata vitu unavyoviona havina maana.

Wako,
Orlane


Buyenzi, Jumatatu, 30 Juni 2025

Kwako mwanangu Orlane,

Daftari hili hapa, nimelijaza kila siku baada ya swala ya isha, na siku nyingine hata mchana. Utaona mwenyewe.

Karatasi ya muhuri nilimwonyesha Radhia. Aliisoma mbele nyuma, kisha akasema hivi. Kama masikio ni mazima, na watoto wanaokawia ni wale wa lugha mbili, na nyumba hii ina lugha moja, basi kilichobaki ni kichwa cha mtoto. Alisema kwa upole, tena akiwa amempakata. Nilichukia zaidi kwa sababu ya upole wake. Saliha amekubali kungoja mpaka kipimo chenu cha Septemba. Kisipokuwa na jibu, mtoto anakwenda Kanyosha.

Sasa nikueleze nyumba yangu, ujue hatujadanganya. Kirundi mimi nakijua cha sokoni, cha kununulia na kugombania. Kwa mtoto sikitumii. Saliha na Twahiru wanamsemesha Kiswahili, na kidogo Kifaransa cha "bonjour" na "bisou", ambacho hata kuku wetu anakijua.

Amebaki mume wangu, Uthmani. Ni fundi wa magari aliyestaafu, mtoto wa marehemu fundi Huseni, watu wa Ujiji. Siku hizi anatengeneza kabureta za watu uani. Babu si msemaji. Nimeishi naye miaka thelathini na tisa, na nikiyaweka pamoja maneno yake yote hayajai gunia. Kirundi chake ndicho kibaya kabisa. Wauza mayai kutoka milimani wakija mlangoni yeye anasimama kama mgeni, anaonyesha vidole, mpaka nitoke mimi nimnunulie. Tangu tuoane mayai ya nyumba hii nanunua mimi.

Hata hivyo nimefanya upelelezi. Redio ya jirani inasema Kirundi mchana kutwa nyuma ya ukuta, basi nimeuhamisha mkeka wa Afrah kwenda upande wa pili. Yule mama wa maziwa, ambaye humwimbia mtoto dakika mbili anapopima, nimemwambia apime kimya. Amekasirika, ameanza kunipimia pungufu.

Ni mimi,
Mwanasiti


Kamenge, Jumanne, 8 Julai 2025

Kwako Mama Twahiru,

Ahsante kwa daftari, ni safi kuliko yote niliyorudishiwa. Nimelinakili na nalirudisha kwako uendelee kulijaza. Mrudishie mama wa maziwa wimbo wake. Dakika mbili hazifanyi kitu, na redio ya ukutani ndiyo kabisa. Mtoto hajifunzi lugha kwa kuisikia inapita. Anajifunza ile anayosemeshwa yeye, uso kwa uso, na mtu anayemngoja ajibu hata kama jibu lenyewe ni mate.

Nina swali moja. Kila siku, saa nne hadi saa sita, unapokwenda sokoni au kwenye darsa la wanawake, umeandika: "Babu. Kimya." Kwa wiki inafika jumla ya saa kumi na nne. Ulikuwepo ukasikia huo ukimya, au umeuandika kwa sababu unamjua?

Tutaonana Septemba.

Orlane


Kamenge, Ijumaa, 26 Septemba 2025

Kwako Mama Twahiru,

Pole kwa msiba. Mzee Uthmani alinieleza kuwa uko matangani, ndiyo maana Afrah amemleta yeye jana. Swali langu la Julai hukulijibu na sikutaka kukusumbua.

Kipimo cha miezi minane hakina sauti. Mtoto anaonyeshwa uso wa mwanamke anayesema, lakini sauti tumeizima. Anaona mdomo tu, mashavu na kichwa kinavyokwenda. Mwanamke anasema Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, mpaka mtoto achoke na aanze kutazama kwingine. Hapo mwanamke huyo huyo anahamia Kirundi. Watoto wa lugha moja, wakishafika umri huu, wengi hawashtuki. Kwao ni mdomo ule ule. Watoto wa lugha mbili wengi hurudisha macho.

Afrah alishachoka, alikuwa anachezea kifungo cha shati la babu yake. Kirundi kilipoanza, bila sauti, alinyanyua kichwa akatazama hadi mwisho. Tulirudia, akafanya vile vile.

Mtoto mmoja si ushahidi, Mama Twahiru. Nasema hivi kila wiki kwa wanafunzi wangu. Lakini ukiunganisha na Juni siwezi kumwacha kwenye kundi la lugha moja. Hana kasoro yoyote kichwani, na nitaiandika hiyo kwa muhuri. Ila karatasi ya kumhamisha kundi inataka jina la mtu anayemsemesha lugha ya pili. Mzee nilimuuliza. Alinijibu kwamba daftari unajaza wewe.

Wako,
Orlane


Buyenzi, Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Kwako Orlane,

Leo sina salamu ndefu.

Swali lako la Julai sikulijibu kwa sababu lilinikera. Nilijisemea, huyu msichana anataka kunifundisha mume wangu. Juzi Jumanne nilitoka saa nne kwenda darsani, nikafika kona ya msikiti nikakumbuka miwani. Nikarudi. Geti lilikuwa halijafungwa kwa komeo, nikaingia bila kelele.

Uani kulikuwa na mgeni. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Mwanamume anazungumza Kirundi, na si hiki cha sokoni. Kirundi cha milimani, cha mtu aliyezaliwa ndani yake, kinapanda na kushuka bila kujikwaa. Nikasimama karibu na pipa la maji nijifunge mtandio vizuri kabla ya kumsalimu mgeni. Ndipo nikachungulia. Alikuwa Uthmani peke yake, ameketi kwenye kigoda na kabureta miguuni, Afrah amesimamishwa mapajani kwake, wanatazamana.

Nilichoshika ni kichache kwa sababu alikwenda haraka. Kulikuwa na ng'ombe aliyekataa kuvuka kijito, na mtu aitwaye Bukuru aliyemvuta mkia mpaka wote wawili wakaanguka majini. Alikuwa anauliza, anangoja, Afrah anapiga kelele zake, anaendelea. Alicheka. Miaka thelathini na tisa, Orlane, na kicheko kile sijawahi kukisikia.

Nilitoka kinyumenyume. Nikarudishia geti. Nikaenda nikanunua mayai kumi ambayo hatukuyahitaji, nikarudi saa sita nikigonga kwa nguvu kama mgeni. Alikuwa kimya, anasugua kabureta.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza. Nilidhani nimeolewa na mtu mkimya. Kumbe maneno anayo, hakunipa mimi. Mtu wa Ujiji hana Kirundi kile, na Waislamu wa Ujiji hawamwiti mtoto Bukuru. Sasa nimelala kitandani na mtu ambaye sijui ni wa wapi, na wakwe, ambao muhuri bila jina haujawatosha, wanakuja Jumapili ya tarehe kumi na mbili kumchukua mtoto. Nikisema ukweli, Afrah anabaki na mume wangu anaonekana mwongo mbele ya Radhia na mbele ya mwanawe. Nikinyamaza, siri yake inakaa na mtoto anakwenda.

Niambie niandike nini kwenye safu ya tatu.

Mwanasiti


Kamenge, Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kwako Mama Twahiru,

Lazima nianze kwa kukuomba radhi. Siku ile ya Septemba, wakati tunamngoja Hyacinthe alete gari, Afrah alilia na mzee akambembeleza. "Hora, hora," alimwambia, kisha maneno mengine mengi ya Kirundi. Bibi yangu mzaa mama ni wa milimani, upande wa Bururi, hivyo niliijua ile sauti. Aliponiona mlangoni alinyamaza, akaniomba nisiliandike. Nikakubali. Kwa hiyo barua yangu ya mwisho ilikuwa na maneno ya kweli na jambo moja nililoruka makusudi, na wewe ulistahili kulijua.

Siwezi kukuambia uandike nini. Karatasi ya kuhamisha, hii niliyoiambatisha, siwezi kuiacha bila jina, na siwezi kuweka jina la uongo. Ninachoweza ni kungoja. Hyacinthe atapita Jumatatu ijayo, tarehe kumi na tatu. Ukimpa karatasi yenye jina, nitaichukua. Ukimpa tupu, nitamtoa Afrah kwenye utafiti kimya kimya, na nitamwandikia Mama Saliha kwamba mtoto ni mzima. Sina hakika atanisadiki.

Binafsi sidhani alimsemesha mtoto ili akufiche wewe. Lakini hilo nalo si la kwangu.

Orlane


Nyumbani, Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Mama Twahiru,

Uko chumba cha pili unashona na ninakuandikia barua. Nimejaribu mara mbili tangu asubuhi kufungua mdomo, nimeishia kuuliza chai.

Nimelisoma daftari. Uliliacha mezani likiwa wazi, kalamu juu yake. Mstari wa Jumanne ya wiki iliyopita umeandika: "Saa nne hadi saa sita. Babu. Kirundi, kizuri sana." Umeufuta "Kimya" wa siku zote za nyuma, karatasi imetoboka. Hukuniuliza kitu. Ungenigombeza ningejitetea.

Jina nililopewa na mama yangu ni Butoyi. Kirundi cha sokoni kinakutosha kuelewa kwamba nilizaliwa pacha na Bukuru, dakika chache baada yake. Kilima chetu kiko upande wa Bururi. Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, tulikuwa na miaka tisa. Baba, askari walikuwa wamekwishamchukua. Siku walipokuja mara ya pili mimi nilikuwa kijitoni na Bukuru alikuwa nyumbani na mama. Sikupanda tena. Nilifuata ziwa na watu nisiowajua mpaka mjini hapa, na fundi Huseni akanikuta nimelala chini ya lori kwenye gereji yake.

Alinilisha siku tatu bila kuuliza kitu. Siku ya nne akaniambia, "Kuanzia leo we ni mutoto wa mi. Tumetoka Ujiji. Kirundi haukijui. Hata wakikupiga, haukijui." Aliniapisha. Nilikitoa mdomoni kwa kujilazimisha, na kwa muda mrefu nilikuwa sisemi lugha yoyote, kwa sababu Kiswahili nilikielewa kidogo tu, kukisema sikuweza bado. Ndipo watu wakazoea kwamba mimi si msemaji.

Baba yako aliponiuliza posa ikiletwa, "We ni mutu wa wapi?", nilimjibu Ujiji, akafurahi, akachinja. Nilitaka kukwambia baada ya harusi. Wiki ile ya kwanza akaja muuza mayai, na mimi nikasimama nikionyesha vidole kama nilivyofundishwa, ukatoka ukacheka, ukaninunulia. Ulifurahi sana kunisaidia. Nikaona niache kwanza. Halafu yakaja mauaji ya tisini na tatu, nikamshukuru Huseni kaburini mwake na nikaacha kabisa. Hofu ilipoisha aibu ilikuwa imeshakua kubwa kuliko hofu. Ningekwambiaje kwamba kila yai ulilolinunua ulilinunua kwa ajili ya uongo?

Afrah alipoletwa ndani ya nyumba nilikuwa nimeanza kusahau. Neno la kamba ya kumfungia ndama lilinipotea wiki nzima. Uso wa Bukuru ulishapotea zamani, nikitaka kumwona najitazama kwenye kioo na kuondoa ndevu. Nikaona mtoto wa miezi miwili hawezi kuuliza wala kusimulia. Nikadhani ni mahali salama pa kuyaweka yale maneno. Sikujua kuna watu wanaopima.

Jumapili nitasema mwenyewe. Usinitangulie, na usinisaidie.

Uthmani


Buyenzi, Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Kwako mwanangu Orlane,

Asalaam aleikum.

Hyacinthe yuko mlangoni anakunywa chai, naandika haraka kabla hajaimaliza. Karatasi ya kuhamisha iko ndani ya bahasha na ina jina.

Jana Radhia alikuja baada ya adhuhuri na dada yake, na samaki wa mukeke wa kutupoza. Nguo za Afrah Saliha alikuwa ameshazifunga, mkoba uko mlangoni. Tulikula. Tulipomaliza kunawa Uthmani akasimama, mtu ambaye hata kwenye harusi ya mwanawe alisema "ahsanteni" akakaa. Akashika mikono nyuma.

"Mutoto haiko na shida," alisema. "Iko na luga mbili. Mi njo namusemesha Kirundi. Miezi yote hii."

Radhia alidhani anajitolea kudanganya ili kunilinda mimi. Alimjibu kwa Kirundi, kwa makusudi, haraka, akamuuliza amejifunza wapi. Uthmani akamjibu kwa Kirundi hicho hicho, bila kupapasa, na sote tukakaa kama watu waliomwagiwa maji. Alitaja kilima, akataja jina lake. Akasema Butoyi. Na Radhia, ambaye nimemsema vibaya miezi minne, akauliza swali ambalo kila mtu wa nchi hii angeuliza, ila aliliuliza taratibu sana.

"Na Bukuru?"

"Bukuru alibaki," alisema Uthmani, na akaketi.

Hakuna aliyelia kwa sauti. Radhia alinyanyuka akauchukua mkoba mlangoni, akaurudisha chumbani mwenyewe, akaanza kuzikunjua zile nguo moja moja. Afrah anabaki.

Nisikudanganye kwamba yote yamekwenda vizuri. Twahiru alitoka nje na hakurudi mpaka usiku. Aliniuliza mimi, si baba yake, kama jina la Huseni kwenye kitambulisho chake ni la kwake au la kuazima. Leo asubuhi amekwenda dukani bila kumuaga baba yake. Na mimi bado nina hasira, nakuandikia wewe kwa sababu faili lenu linahifadhi. Nimemwambia Uthmani nitamkasirikia mpaka nitakapochoka, na kwamba nampenda, na kwamba mayai ananunua yeye kuanzia leo. Amekubali yote matatu.

Sijui wewe utafanya nini na Afrah kwenye mahesabu yako. Umeniambia mtoto mmoja si ushahidi. Kwangu ametosha.

Naomba daftari jipya, hili limejaa. Mistari miwili ya mwisho niliijaza leo, nakunakilia hapa ili usidhani nimekosea safu:

Saa nne hadi saa sita. Babu na Afrah. Kirundi.

Saa sita hadi saa saba. Babu na mimi. Kirundi. Alinionyesha jinsi ya kumwita Bukuru kutoka ng'ambo ya kijito.

Huo wa pili hauhusu utafiti wenu, lakini nafasi ilikuwepo.

Ni mimi,
Mwanasiti